Swali la Kapteni

Nairobi,
9 Februari 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ninacheka peke yangu, na wapangaji wenzangu watadhani nimerukwa na akili. Nimeajiriwa, Mama. Nimeajiriwa kuwa rubani.

Barua zangu mbili za kwanza kampuni haikuzijibu. Ya tatu niliipeleka kwa mkono wangu, nikakaa barazani kwa Meneja mpaka akanizoea kama mojawapo ya viti vyake. Aliitazama leseni yangu ya Bombay mbele na nyuma, kisha akaniambia, "Vijana wa Kihindi huwa tunawaweka kwenye hesabu." Nikamjibu kwamba hesabu ninaijua, lakini sikuvuka bahari kwa ajili yake. Akacheka. Kesho yake akanikabidhi kwa Kapteni Hollis nijaribiwe.

Kapteni Hollis ni mzee mnene mwenye sharubu nyekundu. Tulipaa mpaka juu ya vilima vya Ngong, na huko, bila kunionya, akazima injini moja. Ndege ikavuta upande kama ng'ombe anayekataa kamba. Nilikanyaga, nikashika, nikainyosha. Tukatua. Ndipo akamwambia Meneja, "Huyu atafaa." Nikatia sahihi siku hiyohiyo, baada ya karani kuniuliza maswali machache kuhusu kwetu na wazazi wangu.

Nitakaa kiti cha kulia, niwe msaidizi wa kapteni. Ndege yetu inachukua abiria wanane na mifuko ya barua. Njia yetu ni Mwanza, Geita, Mwadui na Tabora. Geita, Mama! Nitakuwa ninatua karibu nawe kila juma.

Mama Anar wa Shinyanga nimemwandikia pia. Angalikuwapo Baba, angalifunga duka siku nzima.

Mwanao,
Mohsin

*

Segese,
1 Machi 1954

Mwanangu Mohsin,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa makini, kama masista walivyotufundisha.

Mara ya kwanza nilipiga vigelegele. Jirani yangu Mwamvua alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Nani kajifungua?" Nikamwambia hakuna aliyejifungua, niliyemzaa zamani amepata kazi ya kuendesha ndege. Akakaa chini palepale. "Mama Mohsin, usinitanie. Mtu ataendeshaje kitu mahali pasipo na barabara? Akikutana na mwenzake nani atampisha nani?" Nijibie wewe, maana ameahidi kuuliza tena.

Mara ya pili niliona jambo. Umenieleza sharubu za Kapteni na injini iliyozimwa, lakini kuhusu maswali ya karani umesema tu kwamba yalikuwa machache. Uliulizwa nini, nawe ulijibu nini?

Ninauliza kwa sababu hii. Baba yako alikuchukua ukiwa na miaka saba ili ukasome katika shule ya Wahindi Shinyanga. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuona kwa kupitia mlango wa nyuma wa nyumba ya Anar. Silalamiki. Yeye alikuwa mke wa ndoa, mimi sikuwa. Naye alinifungulia mlango huo, akaniacha nikuogeshe na nikukate kucha. Kisha ukaenda Bombay, na kwa miaka mitano sikukuona kabisa.

Sasa umekuwa mtu mzima. Kwetu, mtoto akichukuliwa kazini na watu, mzazi wake huenda kuonana nao. Haendi mikono mitupu. Huwaambia, "Huyu ni wangu. Akikosea, niiteni." Asipokwenda, mtoto huonekana kama aliyeokotwa njiani. Anar ni mgonjwa wa miguu, na Baba yako hayupo. Nitakwenda mimi.

Niambie siku unayotua Geita. Nitakuja na samli.

Mama yako,
Mbuke

*

Mwanza,
30 Aprili 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumelala Mwanza kwa sababu ya mvua. Mawingu yamesimama juu ya ziwa kama ukuta, na Kapteni amekataa kuondoka.

Mwambie Mama Mwamvua kwamba huko juu tuna barabara, ila imo katika dira na saa. Nikishika mwelekeo sawasawa na kuhesabu mwendo, mji hutokea mahali ulipotakiwa kutokea. Tukikaribia wenzetu, hupishana mmoja juu na mwingine chini.

Kazi ni nzuri na ni ngumu. Asubuhi ninapima mafuta kwa kijiti, ninagusa magurudumu na mabawa, ninapanga mizigo ili mkia usizidi uzito. Geita ndiko kunakonitoa jasho. Uwanja ni mfupi, una kichuguu upande mmoja, na ng'ombe huuona kama malisho yao. Tunapita kwanza chini chini ili kuwafukuza, kisha tunazunguka na kutua. Safari iliyopita Kapteni aliniachia usukani. Nilitua vizuri hata abiria mmoja aliyekuwa amelala hakuamka.

Si abiria wote wanaolala. Mwezi uliopita bibi mmoja wa Kizungu alinitazama nikipanda, akamwuliza Kapteni kama hakuna rubani mwingine. Alipoambiwa hakuna, alishuka na mkoba wake. Kapteni alimwambia safari njema, akafunga mlango. Lakini nimejifunza kwamba macho ya watu yananifuata, na ninatazamwa zaidi ya wengine.

Kwa hiyo, Mama, kuhusu kuja Geita, ngoja kwanza. Niko katika miezi ya majaribio. Ikiisha nitakuita mwenyewe. Karani aliuliza mambo ya kawaida tu.

Mwanao,
Mohsin

*

Segese,
12 Juni 1954

Mwanangu Mohsin,

Marahaba. Umeniambia nisije, hukuniambia kwa nini. Majaribio ni yako, si yangu. Mtu hushukuru mapema. Akishukuru baada ya kuona matokeo, huyo anafanya biashara.

Bwana Pranlal mwenye duka ana lori linalopeleka mchele Geita. Ametukubalia, mimi na Mwamvua. Nitakuwa uwanjani Jumatano ya ndege, mwishoni mwa mwezi huu. Sitakaa. Nitawasalimu wenzako, nitatoa samli yangu, nitaondoka. Huna haja ya kuandaa chochote.

Nimeshona gauni jipya, usije ukaona haya.

Mama yako,
Mbuke

*

Nairobi,
3 Julai 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na kwamba lori halikuwasumbua. Nilifurahi sana kukuona. Umekonda kidogo, lakini gauni lilikupendeza.

Unisamehe kwa haraka ya siku ile. Upepo ulikuwa unageuka, na Kapteni alitaka tuondoke kabla haujawa mbaya. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Hata chai hatunywi. Mwadui tulikuta vumbi jingi, na Tabora joto kali sana. Magurudumu mapya yamefika kutoka Uingereza, na yanashika vizuri zaidi ardhi yenye changarawe.

Nimekutumia doti mbili za kanga na sweta moja kupitia kwa Mama Anar. Doti moja mpe Mama Mwamvua, nyingine ni yako. Niambie kama rangi zinafaa.

Majaribio yanaendelea vema. Wanasema huenda mwakani nikapewa ndege ndogo niiendeshe peke yangu.

Mwanao,
Mohsin

*

Segese,
20 Julai 1954

Mwanangu Mohsin,

Marahaba. Kanga zimefika, rangi zinafaa. Mengine yote uliyoandika ni kuhusu upepo na magurudumu. Basi nitaandika mimi yaliyotokea, nawe unirekebishe nikikosea.

Tulifika asubuhi. Askari wa langoni, kijana anayeitwa Ignas, aliniuliza ninamtafuta nani. Nikasema rubani. Akasema, "Mama, marubani hawatafutwi, wanatazamwa." Mwamvua akamjibu, "Wewe tazama, huyu anatafuta." Akacheka, akatupitisha mpaka kwenye kamba.

Ndege ilipita chini, ng'ombe wakakimbia, kama ulivyoniandikia. Ilipotua Mwamvua alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. "Hicho ndicho kinachobeba watu?" akasema. "Mbona kidogo hivyo, kimebana kama kizimba cha kuku?" Kisha mlango ukafunguka, nawe ukashuka. Kofia nyeupe, vifungo vinang'aa. Niliwaza, ingekuwa vema baba yako angaliona.

Nilipita chini ya kamba. Wewe uliniona, najua, kwa sababu ulisimama. Kapteni wako alisimama karibu nawe, na Wazungu wawili wa mgodini pia. Kapteni akaninyoshea kidole, akakuuliza jambo kwa Kiingereza. Nawe ukajibu maneno machache. Kiingereza sikijui. Lakini katikati ya maneno hayo nilisikia neno moja la Kisukuma, neno ambalo ulilijua kabla hujajua kutembea. Ulisema: yaya.

Nilikusikia vizuri. Ulisema hapana.

Kisha Kapteni akaja kwangu. Ana uso mwema. Nikampa kibuyu cha samli, nikaanza kusema niliyokuja kusema, naye akanikatiza kwa Kiswahili chake: "Asante sana, yaya." Nikadhani anakataa zawadi. Nikanyosha mkono nikirudishe kibuyu, lakini hakukiachia. Mtu anawezaje kusema hapana na kupokea? Wale wawili wakacheka, si kwa ubaya. Ulipofika kwangu ulinishika bega, ukasema, "Tutaandikiana," ukapanda.

Nimekaa na neno hilo majuma matatu. Sikutazamia uniite Mayu kama ulipokuwa mtoto. "Mama" ingetosha. Lakini sitaki kukuhukumu kwa jibu peke yake wakati swali silijui. Huenda Kapteni alikuuliza kama nimekuja kuuza samli. Basi yaya lilikuwa jibu sahihi. Huenda aliuliza kama ninataka kupanda bila tiketi, au kama nimekuletea habari za msiba. Kwa hayo yote yaya ni jibu la haki, na mimi ni mama mwenye mawazo mengi.

Niambie tu swali, Mohsin. Alikuuliza nini?

Mama yako,
Mbuke

*

Nairobi,
4 Agosti 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako iliniumiza, kisha ikanituliza, maana jambo lote ni kosa la masikio. Mama, sikusema hapana! Ningewezaje kusema hapana mbele yako?

Neno nililolitamka si la Kisukuma. Katika nyumba za Wazungu na Wahindi, yaya ni mwanamke anayelea mtoto. Mjini kila mtu analijua, na ni neno la heshima. Watoto wa Kizungu huwalilia mayaya wao kuliko wazazi. Kapteni aliniuliza, "Mama huyu ni nani?" Nami nikamjibu, "Ni yaya wangu, amenilea tangu nikiwa mdogo." Ndiyo maana naye alikuita hivyo alipokushukuru. Hakuikataa samli yako. Na je, hukunilea?

Nikueleze yote, ili usibaki na shaka. Siku niliyoajiriwa karani aliniuliza jina la mama. Nilimtajia Mama Anar. Kwao Mhindi kushika usukani ni jambo ambalo wamelimeza kwa shida. Wangejua kwamba damu yangu nusu ni ya Segese, wasingelimeza. Ningewekwa kwenye hesabu au nisingewekwa popote. Unajua nilivyoitamani kazi hii tangu ndege za vita zilipokuwa zikipita juu ya Shinyanga na wewe ukinibeba begani ili nizione.

Kwa hiyo siku ile sikuwa na neno lingine. Nilitafuta neno lenye upendo ndani yake ambalo lisingeniharibia kazi, nikalipata hilo. Sasa umejua kwamba hapakuwa na hapana yoyote, moyo wako utulie.

Mwanao,
Mohsin

*

Segese,
29 Agosti 1954

Mwanangu Mohsin,

Marahaba.

Nilikuomba swali, umenipa. Ningalifurahi zaidi kama ungalinidanganya. Nilikuandikia maswali matatu mazuri, ungalichagua lolote, nami ningaliamini.

Kama ungalisema hapana, ningalielewa. Hapana hutoka kinywani mwa mtu aliyeshtuka. Mtu hushtuka, husema, hujuta jioni. Lakini yaya ni neno la mtu aliyefikiri. Umeniambia mwenyewe kwamba ulilitafuta.

Unasema ni neno la heshima. Mimi sikulijua, nami niliingia nyumba ya Kihindi miaka yote ile. Unajua kwa nini sikulijua? Kwa sababu halikutumika kwangu. Wageni wa Anar walipokuwa wakinikuta jikoni nikikufuta maji, walikuwa wakimwuliza mimi ni nani. Hata Kiswahili alikuwa anakitafuta kwa taabu, lakini alikuwa akijibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Huyu Mbuke. Mama ya Mohsin." Alikuwa na kila sababu ya kutafuta neno lingine. Hakulitafuta.

Unauliza kama sikukulea. Sikukulea, Mohsin. Nilipewa muda mfupi mno wa kukulea. Nilikuzaa. Hilo ndilo nililo nalo, na ndilo uliloliondoa ukaacha lile dogo.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mbuke

*

Nairobi,
15 Oktoba 1954

Mama yangu,

Shikamoo. Umeniambia nisiandike, na ninaandika. Usipoisoma nitaandika nyingine.

Nimemwambia Meneja. Niliingia ofisini kwake bila kuitwa, nikavua kofia, nikamwambia kwamba jina la mama nililompa karani si sahihi. Nikasema: mama yangu ni Mbuke binti Mageni, Msukuma, anakaa Segese, na mwezi wa sita alisimama mbele ya ndege yenu na mimi nikamkana.

Meneja aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Umewahi kuharibu gurudumu Geita?" Nikasema sijawahi. "Basi hilo ndilo nililokuajiria. Mwambie karani abadilishe jina." Akarudi kwenye karatasi zake.

Ndivyo tu, Mama. Ndivyo tu. Kama angalinifukuza ningalijua angalau nilikuuza kwa kitu. Nilikuuza kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikidai.

Kapteni Hollis nilimwambia tukiwa njiani kwenda Mwanza. Tukatua. Alipozima injini akasema, "Samli ile nilimpa mpishi wangu. Ningalijua ni ya mama yako, ningaliila mwenyewe." Tangu siku hiyo hajanitania tena kama zamani.

Majaribio yamekwisha, nimethibitishwa kazini. Kampuni humpa mama wa rubani kiti cha bure mara moja kwa mwaka. Kiti chako kipo, jina lako limeandikwa kwa ukamilifu. Panda Mwadui, nitakupeleka Nairobi uone ninapoishi. Na Krismasi nina likizo. Nitakuja Segese na sare yangu, mchana, nipite mbele ya duka la Pranlal, mbele ya Mama Mwamvua na mbele ya kanisa, nikupigie magoti kila mtu akiona. Nitasema nani alinizaa mpaka wachoke kunisikia.

Niruhusu tu.

Mwanao,
Mohsin

*

Segese,
7 Novemba 1954

Mwanangu Mohsin,

Marahaba. Nimeisoma. Umefanya vema, na umefanya bila kusukumwa na mtu. Ninafurahi kwamba Meneja wako ni mtu wa haki. Kapteni mwambie mimi sina neno naye. Samli ni ya kuliwa, na mpishi ni mtu kama wengine.

Lakini usije Krismasi.

Sina hasira tena. Nilikuwa nayo, imekwisha. Ngoja nikueleze.

Siku ile Geita, ndege ilipopaa, Mwamvua aliniuliza, "Mama Mohsin, ndiye yule?" Hakuwa amekuona hata siku moja, alihamia hapa wewe ukiwa Bombay. Alikuwa amesimama kwenye kamba, akaona kila kitu, na alikuwa amekwisha kuvua kanga ya kichwani akiifunga kiunoni, kama afanyavyo akitaka kugombana. Ningalisema ndiye, angalimwambia Ignas, na dereva wa lori, na kila kijiji tulichosimama. Nikamwambia, "Siye. Wamefanana tu. Wangu nimeambiwa wamemrudisha Bombay akaongeze masomo."

Alinitazama sana. Kisha akaifungua kanga kiunoni, akajitanda tena. "Nilijua," akasema. "Mtoto wako asingeweza kukutazama kwa macho yale."

Jioni ile Segese yote ilipata habari: Mama Mohsin alikwenda Geita bure, mwanawe karudi masomoni. Walikuja kunipa pole. Bwana Pranlal alinipunguzia bei ya sukari. Kila Ijumaa Mwamvua anakusomea dua uvuke bahari salama, na kanisani kwetu Katekista Stanslaus anakutaja katika sala za wasafiri. Wanakupenda, Mohsin. Hawajakuona, na wanakupenda.

Ukija na sare yako, watajua nilisema uongo. Hilo si kitu; ningelikiri leo. Lakini wataniuliza kwa nini nilisema uongo, na jibu la swali hilo si langu, ni lako. Wewe unataka kuwaambia, najua. Wewe utasema, utalia, utarudi Nairobi. Mimi nitabaki hapa na watu ambao jambo la kwanza walilolijua juu ya mwanangu ni kwamba alimwona mama yake akamwita mtumishi. Utafanya mema mangapi ili kulifuta? Ninawajua watu. Watakusamehe mbele yangu na kukusimulia nyuma yangu, nami nitakuwa ninawasikia mpaka siku nitakayozikwa.

Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu na nimezivumilia. Aibu yako siwezi kuivumilia. Afadhali wakungoje.

Kiti cha ndege nacho siwezi kukipanda. Vijana wa Segese wamejaa Mwadui wakichimba almasi, wataniona. Mpe Anar. Miguu yake haimruhusu kusafiri kwa gari, na hajawahi kuwa na kiburi nami.

Barua uniandikie daima. Lakini zitume kwa Anar, Shinyanga, naye azitie katika bahasha yake, maana barua zetu hushukia dukani kwa Bwana Pranlal, naye huitazama kila stempu; hizi za Nairobi nilimwambia ni za jamaa wa Anar. Usitaje Geita wala Mwadui. Mwamvua hupenda nimsomee kwa sauti. Andika kuhusu masomo. Andika kwamba bado ni mengi.

Juzi ndege ilipita juu ya mashamba tukipanda karanga. Mwamvua aliinua uso akaniuliza, "Wako atarudi lini?" Nikamwambia masomo yale ni marefu, na mwenye bidii huongezewa mengine.

Kwa hiyo kaa Bombay, mwanangu.

Mimi, mama yako,
Mbuke